Upande Wenye Uzi Mwekundu

Mke wangu alishona magodoro miaka arobaini na moja. Mimi nilichambua pamba, yeye akashona. Watu wakisifu walisema godoro la Fundi, lakini kilichoonekana kwa macho kilikuwa chake: mshono, pindo, vifundo. Changu kilikuwa ndani.

Alikuwa mwembamba, mrefu kunizidi kidogo. Akikaa chini kushona alikunja mguu mmoja na kuunyoosha mwingine. Shazia, ile sindano ndefu ya magunia na magodoro, aliibana kwa meno alipokuwa anavuta uzi, na hakuacha kuongea. Mteja mgeni alidhani ana kigugumizi. Mimi nilimwelewa vizuri akiwa na shazia mdomoni kuliko akiwa mdomo mtupu.

Alizaa watoto watatu. Mmoja tulimzika mdogo. Wa pili yuko mbali, anapiga simu. Wa tatu ni binti yetu, mpishi wa shule, anakaa mtaa wa pili na ndiye aliyemuuguza mama yake.

Ukimuuliza mke wangu anapenda nini, alikurudishia swali. Twende kwa miguu au tupande gari? "Wewe unaonaje?" Tununue kitambaa cha mistari au cha maua? "Kwani wewe umekiangalia kipi?" Binti yetu alipokuwa mdogo alimtania, akasema, "Mama, siku ukiulizwa jina lako utasema wewe unaonaje." Mama yake akajibu na shazia mdomoni, "Inategemea anayeuliza."

Tulicheka. Sikuona kama kuna kitu hapo cha kushika.

Aliugua miezi mitano, miguu ikavimba, pumzi ikapungua. Alifariki asubuhi, binti akiwa anamwoshea uso.

Wiki moja baada ya kuzika, shemeji yangu, mdogo wake wa kuzaliwa tumbo moja, alikuja kusaidia kupanga chumba. Ni mtu wa maneno makavu. Anatembea na mkongojo, na mkongojo wenyewe anautumia zaidi kunyooshea watu. Aliketi ukingoni mwa kitanda, upande wa mke wangu, akabonyeza godoro kwa kiganja.

"Shemeji, humu ndani mna nini?"

"Upande huo sufi. Upande wangu pamba nzito."

"Yaani yeye laini, wewe gumu?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu tuoane."

Binti alikuwa anakunja nguo za mama yake, akasimama na gauni mkononi.

"Dada hakupenda laini," shemeji akasema. "Kwetu tulilala mkekani, wote wanne. Mama alipopata godoro sisi wengine tulipanda juu, dada akabaki chini. Alisema kitu laini kinammeza. Sasa wewe ndiye fundi. Miaka arobaini na moja umemlaza mtu mahali asipopapenda, na hukujua?"

"Mama Mdogo, jamani," binti akasema.

"Nasema ninachokijua."

Alipoondoka nilikaa kwenye kiti cha barazani mpaka chai ikapoa.

Mwingine angeliona jambo dogo. Mimi sikuliona dogo. Sikumpa mke wangu nyumba kubwa, sikumpa safari. Nilichompa kwa mikono yangu kilikuwa mahali pa kulala. Kama na hapo nilikosea, nilitaka kujua.

Tatizo ni kwamba kazi yangu ilikuwa imenifundisha kutoamini majibu ya swali hilo.

Dukani tulikuwa na kitanda kipana cha kujaribia. Juu yake magodoro mawili, moja la sufi, moja la pamba nzito, yamevikwa kitambaa kimoja. Sufi, pamba ya mti wa msufi, ni nyepesi, unazama. Pamba nzito inakushikilia. Mteja akiingia tunamwambia ajilaze. Wengi walikuwa wameshaamua kabla ya kuvua viatu. Aliyesema anapenda gumu alilalia lile gumu na kusema ahaa. Aliyesema anapenda laini vivyo hivyo.

Siku moja alikuja mwalimu mmoja na mkewe, wakibishana tangu barabarani. Mwalimu alitaka gumu, alisema laini linapinda uti wa mgongo. Mkewe alitaka laini, alisema hakuolewa akalale juu ya ubao. Wakabishana mpaka wapita njia wakasimama mlangoni. Mke wangu akasema na shazia mdomoni, "Wafunge macho."

Nikawafunga kwa vipande vya kitambaa. Nikawazungusha, nikawalaza mmoja mmoja, kwanza hapa, kisha pale. Mwalimu alipolazwa kwenye sufi akapiga godoro kwa kiganja, akasema, "Hili ndilo langu. Gumu kabisa." Mkewe akachagua pamba nzito.

Tulipowafungua Mwalimu alikasirika. Alisema amejibu vibaya kwa sababu alikuwa haoni.

Mke wangu akamuuliza, "Kwani Mwalimu huwa unalala macho wazi?"

Watu mlangoni walicheka sana. Mwalimu alinunua pamba nzito hivyo hivyo. Alipita baada ya mwezi akasema analala kama mtoto, na sikuona sababu ya kumkatalia. Jioni ile nilimuuliza mke wangu yupi alisema kweli, yule wa macho yaliyofungwa au yule wa macho wazi.

"Wote wawili walikuwa Mwalimu," akasema.

Kulikuwa na dereva wa lori pia. Miaka kumi alitaka gumu, akinitukana nikiweka hata konzi moja ya sufi. Akapata ajali, akavunjika nyonga, akaja anataka laini. Akapona. Nikadhani atarudi kwenye gumu. Akasema, "Lile gumu nililipendea nini sijui." Alikuwa ananiuliza mimi.

Kilo kumi za sufi ni kilo kumi. Nipime mimi, upime wewe, apime adui yangu, mizani itasema vilevile. Lakini lipi zuri, hilo halipandi kwenye mizani. Unamuuliza mtu. Na mtu anakujibu kwa vile alivyo siku hiyo, na kwa vile wewe unavyomtazama. Hayo nilikuwa nayajua kwa wateja. Kwa mke wangu sikuyafikiria.

Sasa niseme godoro letu lilivyoanza.

Wiki moja kabla ya kuoana alikuja na mdogo wake kuona chumba nilichokuwa nimepanga, nyuma ya duka. Kitanda kilikuwa tayari, godoro bado. Sufi iliyobaki ilitosha nusu ya godoro, na msimu wa sufi ulikuwa mbali. Nilikuwa nimeishika konzi mkononi, naitazama. Nikamuuliza, "Wewe unapenda laini au gumu?"

Akasema, "Wewe unalalia lipi?"

Nikasema, "Gumu. Laini linaniumiza mgongo."

Ulikuwa uongo. Mimi nilikuwa nalala juu ya magunia ya pamba dukani. Nilikuwa nimetengeneza magodoro mia na zaidi na sijalalia hata moja usiku kucha. Nilisema hivyo ili sufi iwe yake bila mabishano.

Aliangalia mkono wangu wenye sufi. Akasema, "Basi mimi laini."

Nikatengeneza godoro lenye ukuta wa kitambaa katikati. Nusu sufi, nusu pamba nzito. Kwenye pembe ya upande wake nikatia kifundo cha uzi mwekundu, ili atandikapo asichanganye. Wateja walipoambiwa walicheka, wengine wakaagiza kama hilo.

Tangu siku ile nikawa mtu anayependa gumu. Niliwaambia wateja, "Mimi mwenyewe nalalia gumu." Niliwaambia watoto. Kitu ukikisema miaka mingi hakuna tena anayekuuliza, na wewe hujiulizi.

Kila baada ya miaka miwili, wakati wa jua kali, tulilifumua godoro la nyumbani. Vumbi la pamba kuukuu linanikaba kifua, kwa hiyo kufumua ilikuwa kazi yake. Alifumulia uani, kafunga khanga puani, akaniletea magunia mawili. Mimi nilichambua kwa fimbo, sufi huku, pamba kule, mpaka zikafumuka. Hapo kifua changu kilikuwa kimeshaanza kupiga filimbi. Nilitoka nikakaa barazani na kitambaa kibichi mdomoni. Yeye alijaza, akashindilia, akashona, akatandika. Kwa magodoro ya wateja nilijaza mwenyewe. La kwetu lilikuwa la mwisho daima, nikiwa nimechoka. Niliridhika kwamba uzi mwekundu upo.

Magodoro ya sponji yalipokuja wateja walipungua, kisha duka tukalifunga. La kwetu tuliendelea kulifumua. Mara ya mwisho ni miaka miwili iliyopita. Alikuwa na nguvu bado.

Siku chache baada ya maneno ya shemeji nilimuuliza binti. Alikuwa amekuja kuniletea chakula.

"Mama yako aliwahi kukwambia chochote juu ya godoro?"

"Baba, achana na Mama Mdogo. Wewe mwenyewe unamjua."

"Nimekuuliza."

Akaweka bakuli mezani. "Hakusema. Ila mwezi ule wa mwisho nilimhamishia upande wako, nipate nafasi ya kumgeuza. Wewe ulikuwa unalala kwenye kochi. Nilipomlaza tu akasema, 'Hapa pazuri.'"

"Alisema hivyo?"

"Alisema. 'Hapa pazuri.' Akalala mpaka mchana."

Kijiko kilikuwa mkononi. Nilikirudisha. Upande wangu ulikuwa wa pamba nzito. Amelazwa kwangu tu, akasema pazuri. Shemeji alikuwa amesema kweli.

"Labda ni dirisha, Baba," binti akasema. Alikuwa ameona uso wangu. "Upande wako unapata upepo. Au siku hiyo maumivu yalikuwa yamepungua. Mgonjwa husema pazuri, hujui pazuri pa nini."

"Hukumuuliza?"

"Ningemuuliza nini? Nilifurahi amesema."

Alipoondoka nililala upande wa mke wangu kwa mara ya kwanza. Mchana, mlango wazi. Palikuwa pagumu. Nikasema ni kawaida, sufi ikilaliwa sana bila kugeuzwa hushikana ikawa kama kipande cha mbao, na yeye alilala hapo miezi mingi. Mgongo wangu haukunipa jibu. Mgongo sijawahi kuutegemea kwenye kazi hii. Nategemea vidole.

Kesho yake asubuhi nililikokota godoro mpaka uani. Nilipumzika mara tatu njiani, na njia yenyewe ni hatua kumi na nne. Nikafunga khanga yake puani, ile aliyokuwa akifungia yeye. Nikachukua wembe.

Mishono yake ilikuwa imekaa sawasawa kama imepimwa na rula. Nilikaa muda kabla ya kukata wa kwanza.

Nilianza kwenye uzi mwekundu. Nikaingiza mkono. Vidole vilijua kabla sijatazama. Nikavuta nje. Pamba nzito, ya kijivu, imeshikana mabonge.

Nikaenda upande wa pili, wangu. Nikakata. Sufi ilitoka yenyewe kwenye tundu, nyeupe, ikapanda juu kidogo kama kitu kilichokuwa kimebana pumzi.

Nilikaa chini pale uani.

Kwanza nilidhani alikosea, akatia uzi kwenye pembe isiyo yake. Nikakagua pembe zote. Uzi mwekundu ulikuwa pembe ileile ya siku zote, matundu ya zamani yamepangana chini ya mapya. Pembe nyingine hazikuwa na tundu. Uzi haukuhama. Kilichohama kilikuwa ndani.

Nikaangalia pindo kwa ndani. Pindo halidanganyi, nyuzinyuzi hunasa humo hata ukipiga vipi. Upande wangu kulikuwa na sufi tupu, hakuna hata uzi mmoja wa kijivu. Kitambaa kile tulikibadilisha miaka minane iliyopita. Kwa hiyo miaka minane nimelalia sufi, hilo nina uhakika nalo. Kabla ya hapo kitambaa kilikuwa kingine, na kilishakuwa matambara ya kufutia sakafu. Huenda ni miaka minane, huenda ni arobaini. Hakuna pa kuangalia.

Nilipekua godoro lote. Hakukuwa na kitu kingine ndani.

Kifua kilinikaba siku mbili. Siku ya tatu nilimwita shemeji. Binti alikuwepo, alikuwa amekuja na dawa. Niliwaonyesha mafungu mawili uani, nikawaambia lipi lilikuwa wapi.

Shemeji aliegemea mkongojo. "Si nilikwambia? Alipenda gumu. Akajichagulia mwenyewe, kimya kimya."

"Subiri, Mama Mdogo," binti akasema. "Mwezi wa mwisho nilimlaza upande wa Baba. Kumbe ndio wenye sufi. Na hapo ndipo aliposema pazuri."

Shemeji akamnyooshea mkongojo. "Alikuwa mgonjwa."

"Mgonjwa naye ni mtu."

"Mgonjwa anapenda kingine."

"Basi na yule wa mkekani alikuwa mtoto. Mtoto naye anapenda kingine."

Walitazamana. Wanafanana macho, yale yale ya mke wangu, nikageuka nikaangalia ukuta.

"Mimi nadhani alimpa Baba lililo zuri," binti akasema. "Alijua laini ndilo zuri, akampa. Hiyo haina maana alipenda gumu."

"Kama alijua Shemeji anapenda gumu, angempa laini kwa nini? Amkomoe?"

Hapo wote wawili wakanitazama mimi.

"Hebu tuambie, Fundi," shemeji akasema. Alikuwa hajawahi kuniita hivyo, nyumbani ni mke wangu aliyeniita hivyo. "Umelalia sufi miaka yote hiyo, na kila mtu ukimwambia unalalia gumu. Hukujua?"

"Sikujua."

"Fundi mzima."

"Sikujua, Shemeji."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Binti naye akashindwa kujizuia. Mimi nilimkumbuka Mwalimu na kitambaa machoni, amepiga godoro la sufi kwa kiganja akasema gumu kabisa. Nikacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Walipotulia niliwaambia ule uongo. Sikuwahi kumwambia mtu. Nikasema kwamba siku ile nyuma ya duka sikuwa nikipenda gumu, sufi ilikuwa chache tu.

Shemeji alifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwani. "Nilikuwepo," akasema. "Nakumbuka. Ulikuwa umeishika ile sufi kama mtu aliyeshika kifaranga. Tulipotoka nilimuuliza dada, mbona umesema laini na wewe hulipendi? Unajua alinijibu nini?"

"Nini?"

"Akasema, 'Ungekuwa wewe ungemwambiaje?'"

"Labda alijua unadanganya," binti akasema.

"Labda."

"Akakurudishia kilicho chako."

"Au kweli lilimmeza," nikasema. "Akavumilia miaka, mpaka alipochoka akajihamishia. Mimi barazani nakohoa." Nilitaka kulisema hilo kwa sauti, lisije likabaki kwangu peke yangu. "Huenda Mama Mdogo wako yuko sahihi. Huenda nilimlaza vibaya muda mrefu."

Shemeji akapiga mkongojo chini. "Neno lile nalirudisha. Nilikuwa na uchungu."

"Usilirudishe. Hujui kama ni uongo."

"Na wewe hujui kama ni kweli."

"Sijui."

"Basi tumuulize nani?"

Nilifikiri kwamba hata mke wangu angekuwepo, amekaa pale uani na mguu mmoja kaukunja, nikamuuliza wazi, angenirudishia swali. Zamani nilidhani ni mzaha wake. Siku ile nilifikiri labda hakuwa na jibu lililokaa mahali pamoja likisubiri kuulizwa. Alikuwa na jibu la mkekani, na la nyuma ya duka, na la mwezi wa mwisho. Na mimi je? Nililala kwenye sufi nikisema napenda gumu, na nililala vizuri. Mtu akiniuliza nilipenda nini, niseme lipi?

Binti alitaka kuninunulia godoro la sponji, hilo tulitupe. Nikakataa. Nikachambua mafungu yote mawili, pole pole, kwa siku nne, fungu dogo dogo, nikipumzika. Nikafua kitambaa. Kisha nikamwita shemeji ashone, kwa maana mikono yangu inatetemeka.

Alikuja na miwani mbili na zote hazikufaa. Uzi hakuweza kuupitisha kwenye shazia, mimi pia sikuweza. Binti alipotoka kazini ndiye aliyetupitishia, akisema wazee wawili na tundu la sindano lenye ukubwa wa mlango.

Tukabeba kitambaa mpaka katikati ya uani. Mafungu yalikuwa huku na huku.

"Haya," shemeji akasema. "Upande wake tuweke nini?"

Nilisimama. Hapo ndipo nilipokuwa nimefika tangu siku ile alipoketi kitandani akabonyeza, na sikuwa nimesogea. Nikisema sufi, nimemsikiliza yule wa nyuma ya duka na yule wa mwezi wa mwisho. Nikisema pamba, nimemsikiliza yule wa mkekani. Wote walikuwa yeye.

"Na wewe mwenyewe?" shemeji akauliza. Alikuwa ameshusha sauti. "Wewe unapenda lipi, Shemeji?"

Miaka yangu yote niliwauliza watu swali hilo. Sikumbuki nani aliwahi kuniuliza mimi akataka kweli kujua, ila mmoja, na huyo nilimdanganya.

"Sijui," nikasema.

"Basi?"

"Weka kama alivyoweka."

"Pamba kwenye uzi mwekundu?"

"Ndiyo. Alipenda nini sijui. Aliweka nini najua."

Akatikisa kichwa, akakaa chini kwa shida, mguu mmoja kaukunja. Nilijaza mwenyewe. Kwa godoro hilo ilikuwa mara yangu ya pili, ya kwanza ilikuwa kabla ya ndoa. Pamba nzito pembeni mwa uzi, sufi upande wangu. Shemeji akashona. Mishono yake ilikwenda upande kama ng'ombe wanaorudi nyumbani, mwingine mrefu, mwingine mfupi.

"Dada angefumua hii," akasema.

"Angefumua yote."

"Na wewe ungekuwa barazani."

"Nakohoa."

Alipofika pembe ile alishika uzi mwekundu, akautia kwenye matundu ya zamani, akafunga kifundo mara mbili, akakata kwa meno.

Sasa nalala upande wangu. Nikijua kwamba ni sufi nasikia laini, na kuna siku mgongo unauma nakumbuka nilivyosema uongo. Mchana mara nyingine najilaza upande wake. Kuna siku ni pagumu hapakaliki. Kuna siku nakuta nimelala muda wa saa mbili. Godoro ni lile lile, pamba haijasogea.

Jumapili iliyopita binti alinikuta hapo baada ya chakula cha mchana. Akasimama mlangoni na taulo begani.

"Panakuwaje, Baba? Pazuri?"

Nilitaka kumjibu. Nikaangalia dari, nikatafuta, sikupata la kumpa ambalo lingekuwa kweli mpaka jioni.

Nikaamka, nikasogea, nikamwambia, "Jaribu wewe."

Alivua viatu. Akajilaza upande wa mama yake, mikono juu ya tumbo, akafumba macho. Nilikaa kwenye kiti, nikasubiri. Nilipokwenda kuzima jiko alikuwa bado amejilaza, macho kafumba.